Kutoka Mombasa hadi Kisite: mwongozo kamili wa kuogelea juu ya matumbawe

Watu wengi wa Mombasa hupanga safari ya Kisite kwa siku ya mapumziko: Jumapili, Idi, au Mashujaa. Wakifika wanakuta fungu la mchanga limezama, mkondo unavuta, na nahodha anawahimiza warudi chomboni. Mwezi uliokuwa ukiangalia juu ya paa la nyumba usiku uliotangulia ungeweza kuwaambia mapema. Mwongozo huu basi unaanzia kwenye maji, kisha ndipo tutakuja kwenye feri, ada, vifaa na mengineyo.

Kisite ni kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Pamoja na Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na kijisiwa cha Liwe la Jahazi, kiko ndani ya eneo la bahari linalosimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Upande wa Kisite ni hifadhi kamili: hakuna kuvua wala kuokota chochote. Upande wa Mpunguti wavuvi wa huko wanaruhusiwa kuvua kwa njia za jadi. Tofauti hiyo inaonekana wazi ukiingiza uso majini, maana samaki wa Kisite hawamkimbii mtu.

Chagua maji kwanza

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita na robo kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu huweza kukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo sana na mikondo hulegea.

Jambo la kukumbuka ni hili, na wavuvi hawahitaji karatasi kulijua: siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Siku za maji mafu ni kinyume chake, maji yamejaa asubuhi na yanapwa alasiri. Kwa hiyo:

Ukienda mwezi mosi hadi tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba (hapa na hapa chini ni siku za mwezi mwandamo, si miezi ya kalenda), boti hukufikisha Kisite maji yakiwa chini kabisa. Fungu la mchanga liko wazi na picha zitapendeza, lakini juu ya mwamba maji ni haba. Tumbo lako linakuwa karibu na ncha za matumbawe, na asiyejua kuogelea vizuri atachubuka au atasimama juu yake na kuyavunja.

Ukienda mwezi saba au nane, au ishirini na mbili na tatu, maji ni mengi, yametulia, mkondo ni mdogo. Hizi ndizo siku za anayejifunza na za watoto. Hasara yake ni kwamba fungu halitaonekana asubuhi.

Siku bora kwa anayetaka vyote viwili ni zile za katikati, mwezi nne na tano, au kumi na nane na kumi na tisa. Unafika saa nne maji yakiendelea kupwa, unaogelea juu ya mwamba yakiwa bado na kina, na kuelekea adhuhuri fungu linachomoza. Ukichelewa saa moja barabarani umepoteza nusu ya faida hiyo.

Majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini hupatikana mtandaoni, na saa za Shimoni, kijiji cha pwani boti zinakoondokea, ziko karibu sana na zake. Angalia saa na pia kimo: kupwa kwa mita 0.3 ni bamvua kali, kupwa kwa mita 1.2 ni maji mafu.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu kuliko wakati wowote. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, yaani upepo wa mashariki, pia ni pazuri. Kusi hupiga kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti. Mawimbi yanakuwa makubwa nje ya Wasini na safari nyingine huahirishwa. Masika ya Aprili na Mei huongeza tope la mito ya Ramisi na Umba, na maji hubadilika rangi. Kuna faida moja ya kwenda kipindi cha kusi: kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wa nundu hupita pwani hii, na baadhi huonekana nje ya mwamba. Kwa kuogelea tu, subiri kaskazi.

Kufika Shimoni

Kutoka kisiwani Mombasa hadi Shimoni ni kama kilomita themanini. Boti nyingi hung'oa nanga kati ya saa mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kwa hiyo uwe Likoni kabla ya saa kumi na mbili. Feri haina nauli kwa anayetembea kwa miguu, gari hulipiwa. Mwenye gari anayetoka Miritini, Changamwe au njia ya Nairobi ana njia ya Dongo Kundu inayomtoa moja kwa moja kwenye barabara ya Lunga Lunga bila kugusa feri, na asubuhi ya Jumamosi hiyo ndiyo njia ya busara.

Kwa matatu: vuka feri, panda ya Ukunda, pale Ukunda ubadilishe upande ya Lunga Lunga na umwambie makanga akushushe Kanana, ilipo njia panda ya Shimoni. Kutoka hapo kuna matatu na bodaboda hadi baharini. Elewana bei ya bodaboda kabla ya kupanda. Ziko matatu zinazofika Shimoni moja kwa moja kutoka Likoni, ila usizitegemee kwa safari yenye saa maalumu, kwa sababu hungoja zijae.

Walio zaidi ya sita hufaidika kukodi gari zima. Anayetaka usingizi wa kutosha alale Shimoni au Wasini usiku uliotangulia. Kwa wenye watoto wadogo hilo ndilo tunalolipendekeza bila kusita.

Ada na boti

Kuna malipo mawili tofauti na watu huyachanganya. La kwanza ni ada ya hifadhi, inayolipwa KWS kwa njia ya eCitizen, kwa M-Pesa au kadi. Pesa taslimu hazipokelewi. Fungua akaunti ya eCitizen ukiwa nyumbani na ulipe kabla ya kuondoka, maana mtandao wa Shimoni hauaminiki asubuhi watu wakiwa wengi. Beba kitambulisho halisi cha kila mtu mzima. Asiye nacho anaweza kutozwa ada ya mgeni. La pili ni malipo ya chombo. Uliza kwa maneno haya: je, bei hii ina ada ya hifadhi ndani yake au haina? Ina chakula? Ina vifaa? Migogoro mingi ya gatini huanzia kwenye maswali haya kutoulizwa.

Kabla ya kupanda, kagua chombo mwenyewe. Hesabu jaketi okozi, moja kwa kila kichwa, na ndogo kwa watoto. Vaa moja uone kama vifungo vinafunga. Tazama idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye leseni ya KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini, na uhesabu waliomo. Uliza kama kuna ngazi ya kupandia kutoka majini, kwa sababu dau lenye ubavu mrefu bila ngazi humchosha aliyeogelea nusu saa, na hapo ndipo watu huumia mbavu na magoti. Turubai la kivuli ni la lazima. Nahodha akikuambia jaketi ziko chombo kingine, ngoja chombo hicho.

Usije na maji ya chupa za plastiki: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Beba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu, angalau lita mbili kwa mtu. Wasini yenyewe haina chemchemi ya maji matamu, wenyeji kwa miaka mingi wamekinga ya mvua, kwa hiyo usitegemee kujaziwa chupa huko.

Anayechafukwa na mawimbi ameze kidonge chake saa moja kabla ya kupanda. Akiwa tayari ametapika hakitamsaidia. Kunywa chai na mkate mkavu. Mahamri ya mafuta na mbaazi za nazi yasubiri siku nyingine. Chomboni kaa nyuma, karibu na usukani, macho kwenye upeo, mbali na moshi wa injini.

Miwani, mrija na mapezi

Hapa ndipo siku nyingi huharibikia. Vifaa vya kukodi vipo, na vingi vimepita nyuso za watu wengi. Anayeweza kununua kimoja tu, anunue miwani ya kuzamia, ile inayofunika na pua. Miwani ya bwawani haifai, kwa kuwa pua ikiwa nje huwezi kusawazisha mgandamizo wala kutoa maji yaliyoingia.

Kuijaribu: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika kwa sekunde tano ni ya uso wako. Ikidondoka hata polepole, acha. Hakuna kukaza mkanda kutakakoiponya. Kukaza mno ndiko hasa kunakokunja raba na kuingiza maji. Mkanda ukae nyuma ya kichwa, juu ya masikio, wala usipite shingoni. Toa kila unywele chini ya raba, na mwenye masharubu apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo. Kwa mwenye hijabu, kingo za kitambaa ziwe nje ya raba pande zote. Kofia nyembamba ya kuogelea ndani ya mtandio hurahisisha sana.

Miwani mpya ina utando wa kiwandani kwenye kioo, na ndio unaofanya ijae ukungu kila dakika mbili. Usiku wa kabla ya safari, weka dawa ya meno nyeupe ya kawaida ndani ya kioo, kiasi cha punje ya mbaazi kila upande. Sugua kwa kidole kwa mviringo dakika tatu nzima hadi kioo kianze kutoa sauti ya kukwaruza, suuza, rudia mara mbili. Kisha siku yenyewe, dakika moja kabla ya kuingia majini, tema mate kwenye kioo kikavu, sambaza kwa kidole, suuza mara moja tu kwa maji ya bahari na uvae papo hapo. Ukisuuza mara tatu umeyaondoa mate yote na ukungu utarudi.

Mrija wa kawaida unatosha. Ile miwani inayofunika uso mzima hatuipendekezi: pumzi uliyotoa inaweza kubaki ndani ukaivuta tena, na ikiingia maji huwezi kuitema kama mrija. Mapezi yabane bila kuuma. Yakilegea yatakuchubua kisigino kwa nusu saa, yakibana yatakuletea mkakamao wa misuli.

Nguo: fulana ya mikono mirefu inayobana na suruali ya kubana. Mgongo na nyuma ya magoti ndivyo vinavyoungua, kwa sababu ndivyo vinavyotazama jua muda wote. Nguo hukinga kuliko krimu, na baadhi ya krimu zina kemikali zinazodhuru matumbawe. Akina dada wanaojisitiri wavae vazi la kuogelea la kufunika, la kitambaa chepesi kinachobana. Dera au buibui likilowa huwa zito na kujizungusha miguuni, na hilo ni hatari ya kweli.

Ndani ya maji

Kwenye Kisite vyombo hufungwa kwenye maboya. Nanga juu ya mwamba huvunja kwa sekunde moja kilichokua kwa miaka mingi. Ukiona nahodha anataka kutupa nanga kwenye matumbawe, mkatalie kwa adabu.

Kabla ya kuelea, tazama boya. Maji yanapinda upande gani? Anza kuogelea *kinyume* cha mkondo. Ukichoka, mkondo utakurudisha chomboni. Wengi huanza kwa kufuata mkondo kwa sababu ni rahisi, wakishtuka wako mita mia mbili mbali na mapaja yameisha nguvu. Hilo likikukuta, usipigane nao: geuka chali, jaketi likubebe, inua mkono mmoja juu na usubiri chombo kije.

Asiyezoea aanze hivi. Shika ngazi, ingiza uso, pumua mara kumi kwa mdomo, polepole na kwa kina. Pumzi fupifupi huacha hewa ileile ikirudi ndani ya mrija na kuleta kizunguzungu. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza kwa nguvu mara moja, kama unasema "tu!", kisha vuta kwa tahadhari. Yakiingia kwenye miwani, inua kichwa nje, vuta ukingo wa chini kidogo yamwagike. Mwenye uzoefu afanye bila kutoka: tazama juu, bana fremu ya juu kwa vidole, toa pumzi kwa pua. Piga mapezi kutoka nyongani, miguu karibu kunyooka. Kupiga kama unaendesha baiskeli kunachosha na kunatimua mchanga.

Anayetaka kuzama asivute pumzi nyingi za harakaharaka kwanza. Kufanya hivyo hupunguza kaboni dioksaidi mwilini, ambayo ndiyo humwambia mtu kwamba anahitaji hewa. Anaweza kuzimia chini bila kuhisi chochote. Pumua kawaida, zama, na mwenzako awe juu akikutazama. Bana pua na upulize kwa ndani ili masikio yazibuke, tangu mita ya kwanza; yakiuma, panda.

Dakika arobaini na tano zinatosha kwa mara moja, kisha panda, kunywa maji, pumzika, rudi. Hata maji ya nyuzi 28 yanapoza mwili, na midomo ya mtoto ikianza kutetemeka atolewe hapo hapo.

Ukitulia juu ya mwamba bila kupiga mapezi utasikia mlio mdogo wa kutafuna. Huyo ni pono, anakwangua matumbawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na mchanga mweupe unaomtoka nyuma ndio unaoishia ufuoni. Mfuate kwa macho tu. Kitatange hutembea wawili wawili, tafi kwa makundi, chewa hujificha chini ya mawe, mkunga hutoa kichwa tu. Kasa ukimwona, kaa pembeni yake na usimzibe njia ya juu, kwani lazima apande kupumua. Matumbawe yaliyo meupe kabisa huenda hayajafa bado. Mara nyingi ni joto limeyafanya yafukuze mwani mdogo unaoyalisha. Joto la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na unachokiona leo ni kile kilichonusurika na kilichoota tena. Ndiyo maana tunasisitiza: usisimame juu yake, hata kurekebisha miwani. Elea chali urekebishe.

Kuhusu pomboo, wanaoonekana mara nyingi katika mlango wa bahari wa Wasini na nje yake: wasifukuzwe. Chombo kikipunguza mwendo na kwenda sambamba nao, kwa kawaida husogea wenyewe. Usimlipe nahodha ziada ili awakimbize, na usiruke majini kati yao.

Funguni na Wasini

Fungu la mchanga halina kivuli hata kidogo. Vaa kofia, na viatu vya mpira, kwani mchanga wa matumbawe una vipande vikali. Muulize nahodha saa ya kuondoka na uiheshimu. Maji yakianza kujaa fungu humezwa haraka kuliko unavyodhani. Kombe na simbi ulizookota ziache hapo. Kwa konokono wa umbo la pia, mwenye madoa mazuri, usimguse kabisa: anachoma na sumu yake inaweza kuua.

Chakula cha mchana kwa kawaida ni Wasini: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kaa. Kisiwa hakina magari, na wenyeji ni Waislamu. Jifunge leso, vaa shati, toa salamu kabla ya kuuliza jambo, mpe mzee shikamoo yake. Pombe usiingize kijijini. Ijumaa adhuhuri shughuli husimama kwa ajili ya sala, kwa hiyo panga chakula kabla au baada. Ukibaki na nusu saa, lipa kiingilio utembee kwenye daraja la mbao juu ya mikoko na matumbawe ya kale, linaloendeshwa na akina mama wa Wasini.

Mambo yakiharibika

Mdudu wa baharini wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi: ukimkanyaga, usichokoe kwa sindano, maana mwiba hukatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, na toa kwa kibano ile iliyochomoza tu. Maji ya moto yayo hayo ndiyo huduma ya kwanza ya kuchomwa na mchafukoge, samaki mwenye mapezi ya sumu, na samaki anayefanana na jiwe, ila kwa hao usiishie hapo, nenda hospitali. Kiwavi wa baharini (yavuyavu) akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari, usisugue wala usitumie maji baridi ya mfereji. Mchubuko wa matumbawe uoshe siku hiyo hiyo kwa sabuni na maji safi mengi. Vipande vidogo vikibaki ndani, kidonda hutunga usaha. Hospitali kubwa iliyo njiani ni ile ya rufaa ya Msambweni.

Safari ikiahirishwa kwa upepo, dai ubadilishiwe siku. Mbadala wa karibu upo: hifadhi ya bahari ya Mombasa yenyewe, iliyotengwa mwaka 1986, inayofikiwa kwa boti za kioo kutoka ufuo wa Jomo Kenyatta, Bamburi. Matumbawe yake ni haba kuliko ya Kisite, lakini ndani ya mwamba bahari hutulia hata wakati wa kusi, na kanuni za maji ni zilezile.

Kurudi

Toka Shimoni kabla ya saa kumi ili usikutane na msongamano wa jioni pale Likoni. Nyumbani, loweka miwani, mrija na mapezi kwenye ndoo ya maji matamu kwa nusu saa, anika kivulini, na uhifadhi miwani ndani ya kibweta chake bila kitu juu yake, la sivyo raba itapinda na safari ijayo itavuja.